Bahasha ya mjukuu, mkopo wa babu

Kisa hiki nimekitunga makusudi, ili hesabu zake ziwe wazi na asifedheheke mtu. Wenye visa vya kufanana nacho ni wengi kuliko wanaovisema. Na ili tusisumbuke na sarafu ya nchi yoyote, pensheni ya baba ya mwezi mmoja tuiite 100, kisha kila kiasi kingine tukipime kwa hiyo.

Binti ana miaka 33 na mtoto wake wa kwanza ana miezi minne. Kazi yake ilikuwa ya mkataba, na mkataba uliisha akiwa mjamzito. Mume ana ajira. Mshahara unafika, ila haukai. Baba ana miaka 67, amestaafu. Mama ana miaka 63 na anashonea watu nguo nyumbani. Yupo pia kaka mdogo wa binti, ambaye ameshachumbia na anatarajia kuoa mwakani.

Siku mtoto alipotolewa hospitali, baba alifika na bahasha. Ndani yake 180, karibu pensheni ya miezi miwili. Akaikabidhi mbele ya wakwe: "Hii ni ya mjukuu wangu, asiniulize mtu." Hakuuliza mtu. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi mama naye anatuma 12, "ya sabuni ya mtoto."

Mwezi wa nne binti akaenda kuwasalimu wazazi. Baba akamtuma miwani kwenye droo, na juu ya miwani akakuta barua ya mkopeshaji: mkopo wa 250, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kulipwa kwa miezi 12, marejesho mawili ya mwisho hayajalipwa. Tarehe ya mkopo ilikuwa wiki moja kabla ya mtoto kuzaliwa. Akairudisha barua palepale. Baadaye akaona vidonge vya presha vya mama vimebaki vingi kuliko inavyopaswa kwa tarehe ile, akauliza. Mama akajibu bila wasiwasi, "Nameza leo, kesho napumzika. Presha yenyewe wala siisikii." Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, ilikuwa imeharibika kwa miezi miwili.

Wakati wa kuaga, mama akamtia 12 mkononi. Binti akapokea, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Nyumbani mume akasema zirudishwe zote, 180 na zile 12 za kila mwezi, hata kwa kukopa. Kaka, kwenye simu, akasema kinyume: "Usithubutu. Ukimrudishia mzee pesa yake utakuwa umemwambia kwamba amekwisha." Katika ile 180 binti amebakiwa na 60. Nyingine iliingia kwenye deni la hospitali na kodi ya nyumba.

Apokee au akatae? Hilo ndilo swali waliloligombania nyumba nzima kwa wiki mbili, na kwa maoni yangu ndilo lililowachelewesha. Swali la kuanza nalo lilikuwa hili: pesa hii imetoka wapi?

Hesabu ya nyumba ya wazazi

Mwezi wa kawaida wazazi hawa wanapata 130: pensheni 100, na 30 za cherehani. Chakula, maji, umeme na nauli vinachukua 78. Dawa za mama, zikinunuliwa kamili, 18. Marejesho ya mkopo 25. Ya mjukuu 12. Jumla 133. Wamepungukiwa 3.

Nyumba inayopungukiwa 3 haitangazi. Inatafuta mahali pa kukata ambapo hapataonekana, na mama alipapata kwenye dawa. Kumeza siku moja na kuruka ya pili kumeshusha 18 hadi 9, na bajeti ikaanza kubakiza 6. Ukitazama kwa macho ya mama, tatizo limetatuliwa. Presha ya juu kwa watu wengi haina dalili. Haiumi, haiwashi, haizuii mtu kufanya kazi zake, na ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba nusu ya dawa inatosha. Inaendelea kuumiza mishipa, moyo na figo kimyakimya, na siku ya kwanza ya kusikika inaweza kuwa siku ya kiharusi.

Kisha cherehani ikaharibika. Mapato yakashuka hadi 100. Matumizi ya nyumba 78, nusu ya dawa 9, ya mjukuu 12: jumla 99. Ikabaki 1. Angalia kilichotoka na kilichobaki katika miezi hiyo miwili. Zawadi ilitoka kila mwezi, kamili. Marejesho ya mkopo hayakutoka hata mara moja.

Hapa mume wa binti anaonekana amepatia, na kwa sehemu amepatia kweli. Lakini tujaribu dawa yake. Ondoa zile 12. Wazazi wana 13 mkononi. Marejesho ni 25. Bado hayalipiki. Kinachoweza kurudi ni zile 9 za dawa, na zinabaki 4. Kukataa zawadi ya mwezi kunarudisha vidonge vya mama, jambo kubwa sana, ila hakugusi deni. Deni lina chanzo kingine, na chanzo hicho ni ile bahasha.

Mkopo wa 250 uligawanyika hivi: 180 kwa bahasha, 70 kwa paa lililokuwa linavuja. Kwa riba ya asilimia 3 kila mwezi juu ya salio linalopungua, marejesho ya 250 kwa miezi 12 ni kama 25 kwa mwezi, jumla 301. Sehemu ya bahasha peke yake ni kama 18 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, unapata 217. Baba alitoa zawadi ya 180 kwa gharama ya 217, na hizo 37 za tofauti hazikumfikia mjukuu wala mtu yeyote wa ukoo. Hapo ni endapo kila rejesho lingelipwa kwa wakati. Mawili yamekosekana, kwa hiyo salio leo ni takriban 227, faini bado. Wamelipa 50 na deni limepungua kwa 23 tu.

(Kwa anayetaka kukagua barua ya aina hii nyumbani kwao: kiasi cha rejesho kinakuambia riba inahesabiwaje. Kama mkopo huohuo ungekuwa na rejesho la 28 na kidogo, maana yake riba inahesabiwa juu ya 250 yote mwaka mzima hata ukishalipa nusu, na jumla ingekuwa 340. Maneno "asilimia 3" yangekuwa yaleyale kwenye karatasi. Ni jambo la kuuliza kabla ya kukimbilia kulipa mapema, kwa sababu kwa riba ya namna hiyo kulipa mapema huenda kusipunguze kitu.)

Zawadi mbili zenye asili mbili

Tumezoea kupima zawadi ya mzazi kwa ukubwa: ndogo unapokea, kubwa unasitasita. Katika kisa hiki kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu 12 za mama na 180 za baba zinatofautiana kwa jambo jingine kabisa.

Pesa ya mzazi inaweza kutoka kwenye kipato chake, kwenye akiba au mali aliyouza, au kwa mkopeshaji. Inayotoka kwenye kipato, hata kama kipato ni kidogo, ni yake. Ana haki ya kujinyima kitu ili mjukuu apate sabuni, na mtoto mzima hana mamlaka ya kumpangia mzazi mwenye akili timamu namna ya kutumia pensheni yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo inamlinda mama, na inapaswa kumlinda. Inayotoka kwenye akiba au mali inahitaji maswali kidogo, hasa kama kilichouzwa ndicho kilichokuwa kinaingiza pesa.

Inayotoka kwa mkopeshaji ni kitu kingine. Baba hakuwa na 180 za kutoa. Aliyekuwa nazo ni mkopeshaji, akazitoa kwa riba, na baba akawa mpitishaji. Bahasha ile ilikuwa ya mkopeshaji kuliko ilivyokuwa ya babu, na ikija namna hiyo tena nadhani binti ana haki kamili ya kutoipokea. Anachokataa hapo ni mkopo. Moyo wa baba haukuja kwenye bahasha, na hautarudishwa nayo.

Zile 12 nazo zina doa, kwa sababu zinatoka kwenye dawa. Lakini doa hilo linafutika bila kuifuta zawadi: dawa zikishalipwa kamili, chochote mama atakachobakiza na kutaka kumpa mjukuu ni chake. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba ile kubwa arudishe kilichobaki, na ile ndogo aendelee kupokea, ikiwa ndogo zaidi. Najua kuna watakaoona ni kumpaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitaeleza.

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton. Katika jaribio lao moja, watu walipewa asubuhi dola 5 au dola 20. Wengine wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kama walipewa 5 au 20 haikuleta tofauti. Jaribio la siku moja halielezi maisha ya bibi wa miaka 63, lakini linagusa kitu ambacho yeyote aliyemtazama mama yake akitoa anakijua: raha yake iko kwenye kutoa. Zile 12 zikiwa 2, mama hapotezi nafasi yake ya kuwa bibi. Zikiwa sifuri kwa amri ya mkwe, anaipoteza.

Kwa nini baba alikopa

Mume anamwona mkwewe kama mtu asiyejua mahesabu. Sidhani. Mzee aliyeendesha nyumba kwa mshahara miaka yote hiyo anajua asilimia 3 kwa mwezi ni nini. Alikwenda kukopa akijua.

Kustaafu kunamwondolea mtu mshahara, na pamoja na mshahara kunaondoka ile hali ya kuombwa. Zamani kila mwenye shida alimpigia yeye. Sasa simu hazipigwi, au zinapigwa kumuuliza kama amekula. Bahasha mbele ya wakwe ilikuwa njia ya kusema bado nipo. Tena aliitoa hadharani, na kauli ya "asiniulize mtu" ilikuwa ukuta aliojijengea mapema, kwa sababu swali moja tu lingeubomoa.

Ndiyo maana kaka ana hoja. Kumrudishia baba bahasha kwa mkono uleule, kwa maneno "tumegundua hamna uwezo," ni kumwambia mbele ya uso wake kwamba zama zake zimepita. Atakubali kwa mdomo, kisha atafanya mambo mawili: ataficha barua vizuri zaidi, na safari nyingine atakopa kwa mtu ambaye haandiki barua. Kosa la kaka ni kudhani kwamba njia pekee ya kumhifadhi baba heshima ni kumwacha azame nayo.

Watunga sheria wameshakutana na mtanziko huu. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900, ina kifungu cha 528 kinachomhusu mtu aliyetoa zawadi kisha akafilisika kiasi cha kushindwa kujikimu. Anaruhusiwa kuidai irudi, isipokuwa kama miaka 10 imeshapita tangu aitoe kabla uhitaji haujamkuta. Lakini aliyepewa ana njia nyingine: badala ya kurudisha, anaweza kulipa kile ambacho mtoaji anakihitaji kwa maisha yake. Binti wa kisa chetu hayuko chini ya sheria hiyo, na hakuna baba atakayemshtaki mwanawe kwa bahasha. Nimeitaja kwa sababu ya ile njia ya pili. Inamruhusu mtoaji abaki kuwa ametoa. Zawadi inasimama ilivyo, na aliyepokea anabeba mahitaji.

Wajibu wenyewe si mgeni kwetu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kufanya kazi mwaka 1986, unasema katika kifungu cha 29 kwamba mtu ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapokuwa na uhitaji. Heshima na matunzo yamewekwa pamoja. Katika nyumba hii mume ameshika la pili, kaka ameshika la kwanza, na kila mmoja anapiga kelele kana kwamba mwenzake hana kitu mkononi.

Zile 60

Kila mtu alidhani 60 zilizobaki ziende moja kwa moja kwa mkopeshaji. Marejesho mawili yaliyokosekana ni 50, 10 zinazobaki zifidie faini, mambo yaishe.

Yangeisha kwa mwezi mmoja. Mwezi unaofuata wazazi wana 100, wanatumia 78, dawa kamili 18, zimebaki 4, na rejesho la 25 linagonga mlango. Wangekuwa wamerudi palepale, safari hii bila akiba yoyote kwa binti.

Cherehani ndiyo ya kwanza. Fundi anataka 14. Ikifanya kazi inaingiza 30 kwa mwezi, zaidi ya rejesho lote. Katika nyumba inayozama, pesa ya kwanza inakwenda kwenye kile kinachoingiza pesa, hata kama anayepiga kelele zaidi ni mdai. Baada ya hapo 46 zinakwenda kwa mkopeshaji, wakati huo baba akiwa ameshazungumza naye. Mkopeshaji anayemwona mdaiwa akija na 46 mkononi na cherehani iliyotengenezwa nyumbani huwa ana mazungumzo tofauti na anayemtafuta mtu asiyepokea simu. Hakuna uhakika kwamba atafuta faini, lakini kuomba hakugharimu kitu.

Mwezi wa kawaida ukirudi, hesabu inakuwa hivi: mapato 130, nyumba 78, dawa kamili 18, marejesho 25, ya mjukuu 2. Jumla 123. Zinabaki 7, na hizo ndizo zitakazomaliza lile deni dogo lililosalia la marejesho mawili na faini yake. Mama ametoa zawadi na amemeza vidonge vyote. Bajeti hii ni nyembamba, haina nafasi ya mgonjwa wala mgeni, lakini imefungamana.

Vipi kama mama atasema 2 ni aibu? Uwezekano upo. Hapo binti anaweza kumwomba kitu ambacho hakina bei: amshonee mtoto nguo kutokana na mabaki ya vitambaa vya wateja. Hiyo si hila. Nguo hiyo ina thamani kuliko sabuni.

Kuongea na baba

Aongee na baba kwanza, peke yake, bila mume na bila kaka. Mume asiwepo kabisa. Mkwe akiona barua ya deni la baba mkwe, hata akinyamaza, kimya chake kitasikika.

Na aseme ukweli kuhusu barua. Wengi wanashauri azungukie, ajifanye hajaiona, aseme "nimesikia kwamba..." Mzee atajua, na ataanza kujiuliza ni nani mwingine anayejua. Afadhali hivi:

"Baba, ile siku uliyonituma miwani niliiona barua ya mkopo. Sikuichimba, ilikuwa juu. Naomba unisamehe kwa kuisoma, na naomba unisikilize kidogo."

Halafu anyamaze. Baba atasema hayakuhusu, au atasema ni mambo madogo, au atacheka. Yote yapite. Kisha:

"Bahasha yako ilitutoa hospitali, Baba. Bila ile tungeaibika. Hiyo imekaa na itakaa, mwanangu nitamwambia babu yake alifanya nini. Nililokuja nalo ni hili: nina 60, na nataka mimi na wewe tuzipange pamoja. Wewe ndiye unayemjua huyo mkopeshaji. Mimi simjui."

Sentensi mbili za mwisho ndizo nzito. Binti hamwokoi baba, anamwomba aongoze. Na ni kweli: baba ndiye mwenye mkopo, ndiye mwenye saini, ndiye atakayekwenda kuzungumza. Binti akienda yeye atamdhalilisha, na huenda mkopeshaji asimsikilize kabisa.

Suala la dawa asilibebe baba. Aongee na mama, na aongee kama mwana anayeogopa, kwa sababu anaogopa. Dawa zenyewe ni vizuri akazinunua yeye au kaka, vidonge mkononi, badala ya kutuma pesa ya dawa. Pesa ya dawa kwa mama wa namna hii itageuka sabuni ya mtoto kabla jua halijatua. Na kabla ya hayo yote mama amwone daktari au mfamasia: huenda ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile, na ni wao wanaopaswa kusema arudie dozi vipi baada ya kuruka muda mrefu.

Lakini binti naye ana shida

Hili limesahauliwa na wote. Mume anaposema zirudishwe zote, hata kwa kukopa, anapendekeza kuhamisha deni kutoka nyumba moja kwenda nyingine pamoja na riba yake. Nyumba yenye mtoto wa miezi minne na mshahara mmoja si mahali pa kuweka deni jipya ili dhamiri itulie. Zile 120 zilizotumika zililipa hospitali na kodi, hazikutapanywa. Binti hakujua zilikotoka wakati anazitumia. Simuoni kama mdaiwa wa 120 hizo, na nadhani akijibebesha hatia hiyo ataanza kuwakwepa wazazi. Mtoto anayekwepa hajui cherehani imeharibika lini.

Anachodaiwa ni kuanzia siku aliyoiona barua. Tangu siku hiyo anajua, na kila 12 anayoipokea bila kusema neno anaipokea akijua ni nusu ya vidonge. Kupokea ile ya kwanza mlangoni naielewa kabisa. Ya pili ingekuwa ngumu kuitetea.

Kuna njia ya katikati inayopendwa sana: unapokea kila kitu kwa tabasamu, unakiweka pembeni, kisha unawalipia umeme kimyakimya. Ina uzuri wake, na kwa wazazi ambao shida yao ni ndogo inatosha. Hapa haifai. Mama akiona umeme umelipwa na mambo yanakwenda, atahitimisha kwamba bajeti yake inafanya kazi, pamoja na nusu dozi. Baba atahitimisha kwamba mkopo ulibebeka. Siri ya binti inakuja kukaa juu ya siri ya baba, na hakuna hata mmoja kati yao anayeijua hesabu yote.

Harusi ya mwakani

Mkopo huu utaisha, cherehani ikiwa nzima. Kinachonitia wasiwasi ni kaka. Baba aliyekopa 180 kwa ajili ya mjukuu wa binti, atakopa ngapi kwa harusi ya mwanawe wa kiume? Ameshaonyesha kwamba hakopi kwa ajili ya shida peke yake. Anakopa hata wakati wa furaha, wiki moja kabla, ili afike na mkono uliojaa. Na safari hii wakwe watakuwa wengi.

Kaka anapenda kusema zawadi ya mzee isikataliwe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa siye uliyekuta barua kwenye droo. Mzee anahitaji kuambiwa mapema kazi yake siku hiyo ni ipi: asimame wapi, aseme nini, nani atamsubiri yeye ndipo shughuli ianze. Apewe nafasi ambayo pesa haiwezi kuinunua, apewe miezi kadhaa kabla, na aambiwe wazi kwamba mchango wake ni huo. Dada hawezi kumfikishia maneno hayo. Ni ya bwana harusi mwenyewe, na ayaseme kabla mzee hajaenda kuchukua fomu.